Kifua Kwanza, Ulimi Baadaye

Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa mmoja ambao hatupendi kuutibu. Tunadhani kwamba kwa kuwa Kiswahili tulikinyonya pamoja na maziwa ya mama zetu, basi elimu ya kusema tumekwisha kuihitimu. Mtu wa bara akitamka "kitu hii" barazani petu, twacheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini kuijua lugha ni jambo moja, na kujua kusema na watu ni jambo jingine kabisa. Hapa petu Mvita, na Malindi, na Lamu, wako watu wenye Kiswahili cha kusifika ambao wakifungua kinywa, jirani hufunga mlango. Na wako wengine, mbali na bahari, ambao ngeli zimewashinda, lakini wamejua kusemezana na mtu waliyekuwa hawamtazami usoni.

Leo nataka tuzungumze juu ya elimu hiyo: vipi mtu ajiendeleze katika kazi ya maneno, atunge, aandike, ahutubie, na asikizwe. Nasikia siku hizi vijana wengi wanaitaka elimu hii, na vitabu vya kuwafundisha namna ya kushinda watu kwa maneno vimejaa kila penye meza ya muuza vitabu. Mimi sina ugomvi na vitabu hivyo. Ila naona vingi vinaanzia ukingoni mwa jambo, vinafundisha ulimi na kuusahau mwenyewe ulimi. Shahidi wangu nimemtoa mahali ambapo wengi katika wasomaji wangu hawajapata kufika, nako ni Yamumbi.

Yamumbi iko kusini mwa Eldoret, si mbali na Langas na Kiambaa, katika nyanda za Uasin Gishu zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na baridi yake humfanya mtu wa Mombasa aulize koti kabla hajauliza chai. Eldoret yenyewe, ambayo zamani watu waliiita 64 kwa nambari ya shamba lililokuwa hapo, ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Katika mashamba ya pembezoni mwake wamekaa pamoja Wakalenjini, Wakikuyu, Waluhya na wengineo. Mashamba mengi ya upande ule yalikuwa ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru yakauzwa kwa watu na kwa vyama vya kununua ardhi. Hapo ndipo ilipoanza hadithi yenye masimulizi mawili. Mmoja husema, "Hii ilikuwa ardhi ya babu zangu kabla Mzungu hajaichukua." Wa pili husema, "Mimi nililipa fedha zangu, na hati ninayo." Kila mmoja ana machozi yake ndani ya maneno hayo, na hakuna hata mmoja aliyebuni uwongo.

Basi Wakenya wakapiga kura tarehe 27 Desemba 2007, matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka. Yamumbi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoungua. Tarehe 1 Januari 2008, katika Kiambaa iliyo jirani, kanisa lilitiwa moto hali watu wamekimbilia ndani yake, na wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukageuka kuwa kambi ya waliopoteza makao. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika nchi nzima.

Msomaji ataniuliza: haya yanahusiana nini na ukurasa wa utamaduni, na ushairi, na kujiendeleza? Nasema yanahusiana sana, kwa sababu kabla kiberiti hakijawashwa, palitumika kazi ya mtungaji.

Tangu misukosuko ya miaka ya 1990 kulikuwako neno moja lililopita katika mikutano ya Bonde la Ufa: madoadoa. Waliokuja kutoka kwingine waliitwa madoadoa. Litazameni neno hili kwa jicho la mtu wa tungo. Ni Kiswahili safi, halina tusi ndani yake, na mama yeyote hulitamka akifua nguo. Lakini mtu akishaitwa doa, hoja imekwisha. Hakuna aulizaye kama doa lina haki ya kukaa kwenye kanzu. Doa huondolewa, na anayeliondoa hujiona msafi. Vivyo hivyo neno kwekwe. Mkulima hajadiliani na kwekwe, huing'oa. Aliyelisema neno hilo mkutanoni pengine alirudi nyumbani akala chakula chake na kulala usingizi, na wala hakushika panga. Lakini kazi ya panga alikwisha kuifanya.

Wenzetu wa Rwanda walilipia somo hilo hilo kwa bei kubwa zaidi. Mwaka 1994 redio iliyoitwa RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mende hukanyagwa. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu watu 3 wa redio na gazeti mnamo Desemba 2003, na katika hukumu yake ikaeleza kwamba mtu anaweza kuua kwa maneno bila kushika bunduki.

Na sisi wa pwani tusikunje mikono na kutikisa vichwa kama kwamba tunatazama sinema ya watu wengine. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na fujo zilizofuata katika Likoni na Kwale ziliua watu zaidi ya 100 na kuwafukuza maelfu, wengi wao waliotoka bara. Kabla ya hapo vilikuwako vikaratasi na maneno ya mitaani, na maneno hayo yalikuwa ya Kiswahili chetu, cha lafudhi yetu nzuri. Mwaka 2022, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ilipotoa orodha ya maneno ya chuki, humo mlikuwa na madoadoa na kwekwe na mende, na pia "wabara waende kwao". Hilo la mwisho halikutoka Yamumbi.

Sheria ipo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Taifa ya mwaka 2008 inaweza kumtoza mwenye maneno ya chuki faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka 3, au yote mawili. Lakini sheria ina mikono mifupi mbele ya ulimi. Ulimi hauna mfupa, husema na kugeuka. Mtangazaji mmoja wa redio ya Bonde la Ufa alifikishwa mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, na tarehe 5 Aprili 2016 kesi ikakatizwa kwa kuwa ushahidi haukutosha, na mtu ambaye hakutiwa hatiani hana hatia machoni pa sheria. Hapo ndipo pa kuelewa kwamba ulinzi wa kwanza wa neno haumo kortini. Umo kifuani mwa msemaji.

Nilipokuwa Yamumbi nilikaa na vijana wachache, wa makabila tofauti, wanaoandika mashairi na ngonjera na hotuba za mikutano ya vyama vyao. Walikuwa watoto wadogo wakati ule wa moto, na wengine hawakuwa wamezaliwa. Binti mmoja, fundi cherehani, aliniuliza swali ambalo naona ndilo mama wa maswali yote ya kazi hii. Alisema, "Mzee, mtu afanye nini ili akisema, watu wa upande wa pili wasikie?" Hakuuliza watu wake watamshangiliaje. Kushangiliwa na watu wako ni rahisi, hata kasuku hupata. Aliuliza juu ya upande wa pili.

Nikamkumbusha kisa ambacho wasomaji wangu wanakijua tangu chuoni. Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni hakuanza kwa kuomba maneno. Katika Sura Taha tunasoma kwamba aliomba kwanza apanuliwe kifua, kisha arahisishiwe kazi, ndipo akaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe ili watu wafahamu asemalo. Akaomba pia nduguye Harun awe msaidizi wake. Na walipokwisha kupewa hayo, wakaamrishwa wakamwambie Firauni kwa maneno laini. Firauni, msomaji wangu, si jirani aliyegombania mpaka wa shamba. Mpango ule una hekima ndani yake: kifua, kisha kazi, kisha ulimi. Nami nitaufuata katika nasaha zangu, si kwa kuwa nimehitimu, bali kwa kuwa ndio niliouona unafaa katika miaka yote niliyokula mkate wa kalamu.

Kwanza, kifua. Kabla hujasema na mtu jiulize: nataka kumshinda au nataka kumpata? Ukitaka kumshinda huhitaji elimu, mzomeo unatosha. Ukitaka kumpata, lazima kifua chako kiwe na nafasi ya kumweka. Njia moja nimeijaribu mara nyingi na sijaona iliyo bora zaidi. Kabla ya kutoa hoja yako, ieleze hoja ya mwenzako kwa maneno yako, tena uieleze vizuri, mpaka yeye mwenyewe aseme, "Naam, hayo ndiyo niliyokusudia." Wale vijana wa Yamumbi niliwapa zoezi hilo. Aliye upande wa hati alisimama akaisema habari ya ardhi ya mababu, na aliye upande wa mababu akasimama akaisema habari ya fedha zilizolipwa. Mara ya kwanza walicheka, na kila mmoja akaisema hoja ya mwenzake kwa namna ya kuifanya ionekane ya kijinga. Nikawarudisha. Mara ya tatu hapakuwa na kicheko, na kijana mmoja akasema polepole kwamba alikuwa hajapata kuisikia habari ile kwa kinywa chake mwenyewe. Ardhi haikugawanywa siku ile, wala mimi si hakimu wa kuigawa. Lakini walikuwa wamekwisha kufika mahali ambapo mazungumzo yanaweza kuanza.

Pili, kazi. Vijana wengi hudhani kwamba utunzi na usemaji ni kipaji, na mwenye kipaji hukaa akingoja kije kama mvua. Sisi tuliopitia chuoni tunajua vingine. Maalimu alikupa ubao, ukaandika, ukasoma kwa sauti, ukafuta, ukaandika tena. Leo ukubali kusoma mistari mitatu, kesho mitatu mingine, na mwaka ukipinduka umemaliza juzuu ambayo ulipoiona mara ya kwanza uliogopa hata kuifungua. Haba na haba hujaza kibaba. Watu wa Eldoret nao wana chuo chao cha namna hiyo, nacho kiko barabarani alfajiri. Eliud Kipchoge, bingwa wa mbio za marathoni wa Olimpiki wa Rio na wa Tokyo, ambaye tarehe 12 Oktoba 2019 huko Vienna alikimbia kilomita 42 na ziada kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, hufanya mazoezi katika kambi ya Kaptagat, si mbali na Eldoret. Wanariadha wa kambi ile hugawana kazi za kufagia na kusafisha choo, na yeye miongoni mwao. Na kila zoezi hulinakili katika daftari lake, desturi aliyoishika tangu mwaka 2003. Mkimbiaji mwenye dunia mkononi ana daftari, na mtungaji anayeanza hana!

Kwa hivyo nasema: kuwa na daftari. Andika kila siku, hata nusu saa, hata ukurasa mmoja, uwe na furaha au usiwe nayo. Usiseme huna nafasi. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, akihamishwa kutoka ofisi hii hadi ile, na juu ya kazi hiyo akatuachia rafu nzima ya vitabu kabla hajafariki mwaka 1962. Usiseme huna vifaa. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa miaka mitatu kwa sababu ya karatasi aliyoandika yenye jina "Kenya: Twendapi?", na humo gerezani alitunga kwa siri akiandika juu ya karatasi za chooni. Tungo hizo ndizo zilizotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ukimkumbuka yeye utaona haya kulalamika kwamba kalamu imekwisha wino.

Ukishaandika, isome kazi yako kwa sauti, maana sikio huona kasoro ambazo jicho huziruka. Ilaze usiku mmoja. Asubuhi ikate: neno ambalo likiondoka maana haipungui, na liondoke. Kisha mpe mtu mmoja asiyekuogopa aisome. Musa alimwomba Harun, wewe ni nani usiwe na Harun wako? Na kama unataka kutunga mashairi, jifunze sheria zake kabla ya kuzivunja. Kitabu cha Sheikh Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi kimekuwako tangu mwaka 1954. Mizani na vina si pingu. Vinakulazimisha utafute neno la pili, na la tatu, badala ya kushika lile la kwanza lililokuja mdomoni, na mara nyingi lile la kwanza ndilo la ovyo. Laiti wasemaji wa mikutano wangelazimishwa na vina kungoja kidogo kabla ya kusema!

Tatu, ulimi. Hapa nina mambo machache ya matumizi.

Tumia neno ambalo msikizaji wako analo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alikuwa bahari ya Kiarabu. Lakini alipotaka kuwaamsha Waislamu wa Mombasa, mwaka 1930 alitoa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, na humo akawaandikia watu kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Lake la pili lililo zuri ni kwamba alianza na kasoro za watu wake mwenyewe: elimu waliyoiacha, fedha walizozipoteza, mambo ya watu waliyoyaiga bila ya kuyapima. Mwenye kuanza na kasoro za kwao hupata haki ya kusemea za wengine. Anayeanza na za wengine hupata makofi ya jamaa zake, basi.

Sema jambo moja kwa wakati mmoja. Hotuba yenye mambo kumi ni kama jahazi lililopakiwa kupita kiasi, hata lisipozama halifiki kwa wakati. Anzia pale mnapokubaliana, kwa maana hakuna watu wawili wasiokubaliana juu ya kitu chochote. Pale Yamumbi wote walikubaliana kwamba bei ya mbolea ni kubwa na karo ya shule ni mzigo. Toa mfano ambao msikizaji anaweza kuushika mkononi. Na mwisho wa maneno yako, sema waziwazi unataka nini kifanyike, na nani akifanye, na lini. Wasemaji wengi huwachemsha watu kisha wakawaacha na moto wasiojua waupikie nini, na moto usio na chungu hutafuta nyumba.

Anayesema naye awe na huba kwa anayemwambia. Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na alikuwa akimwusia binti yake. Unaweza kukubali au kukataa baadhi ya nasaha alizozitoa, na wanawake wengi wa leo wana ya kujibu. Lakini hakuna aliyesoma akashuku kwamba mama yule alimpenda mwanawe. Ndiyo sababu wasia ule tungali tunao.

Kisha, na hili ndilo kubwa, chunga tamathali. Mtungaji anapofananisha kitu na kitu, hapambi tu, anatoa amri kwa siri. Kwa hivyo kila mfano unaotaka kuutumia juu ya watu, uulize swali moja: mfano huu ukikubaliwa, mkono wa msikizaji utaona ni halali kufanya nini? Doa hufutwa, kwekwe hung'olewa, mende hukanyagwa. Lakini ukisema kwamba majirani ni mafiga matatu, basi anayeondoa figa moja anamwaga chakula chake mwenyewe. Na figa halikuombwa hati ya kuzaliwa, liliombwa libebe chungu. Mifano yote miwili ni rahisi kutunga, na yote hukaa kichwani mwa watu. Tofauti inakuja baadaye, wakati wewe uliyetunga hupo.

Siku hizi jambo hili limekuwa zito zaidi, kwani kila mwenye simu ni mhariri wa gazeti. Mwaka 2007 na 2008 ujumbe mfupi wa simu ulibeba chuki na uvumi kutoka kilima hadi kilima. Leo sauti na picha hufika Yamumbi na Kisauni kwa dakika moja. Kabla hujapeleka mbele, uliza nani kasema, ameona au kasikia, na ukipeleka nani ataumia. Tumefundishwa kwamba mwenye imani aseme la heri au anyamaze. Kunyamaza nako ni katika fani za usemaji, tena fani isiyolipiwa karo.

Najua liko pingamizi, na si la kudharauliwa. Mtu atasema: "Wewe watufundisha upole, lakini haki haipatikani kwa upole. Aliyenyang'anywa apige kelele." Nami nasema apige. Sikufundisha kuficha ukweli. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na madai ya ardhi yakizibwa mdomo hutafuta tundu jingine la kutokea. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alikuwa na ulimi mkali ambao watawala wa Zanzibar waliujua vyema. Abdilatif hakuwaandikia waliomfunga barua ya mapenzi. Lakini tazameni ukali ule ulielekezwa wapi. Ulielekezwa kwa mwenye nguvu, na kwa tendo lake. Ukali wa madoadoa ulielekezwa kwa jirani, na kwa kuzaliwa kwake. Tendo mtu aweza kuliacha, na mwenye nguvu aweza kujibu. Kuzaliwa hakuna awezaye kukuacha. Anayemtaka mwenzake aache kuwa alivyozaliwa hamtaki abadilike, anataka asiwepo. Basi kipimo ndicho hiki: mseme mtu kwa alilolitenda, kwa jina la tendo lenyewe, na uache mlango ambao akiacha kutenda ataweza kurudi ndani.

Kadhalika wako watakaosema kwamba maneno hayajengi nyumba iliyoteketea. Ni kweli. Serikali ilianzisha mpango wa kuwarudisha watu makwao Mei 2008, na palihitajika mabati, mbegu na fedha, na wengi walilalamika kwamba havikutosha. Lakini nani atakayelala chini ya bati jipya kama hajui jirani anawaza nini? Nchi nzima ilitulizwa kwa maneno. Kofi Annan alikuja bila jeshi, akakaa na pande mbili wiki kadhaa, na tarehe 28 Februari 2008 mkataba ukatiwa saini. Baada ya wakubwa kupeana mikono mbele ya picha, kazi ngumu ikabaki kwa watu wadogo wa mahali kama Yamumbi: nani atamsalimia nani kwanza kisimani, nani atanunua maziwa kwa nani. Kazi hiyo hufanywa kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa wengi wao si ya mama wa huyu wala wa yule, na kwa hivyo wote wawili wanaisema kwa uangalifu. Labda hiyo ndiyo faida waliyo nayo juu yetu. Wao hulitafuta neno kabla ya kulitoa. Sisi hutuponyoka.

Kwa vijana wale niliandika ubeti mmoja ubaoni, wauhifadhi na kunitungia majibu yake. Nawapa na nyinyi:

Neno kabla kulinena, lipime mwako moyoni,
Likitoka hutaona, pa kulirudisha ndani,
Huponya walogombana, huchoma walo amani,
Jirani ukimkana, kesho utamwita nani?

Basi malenga wa pwani mwenye daftari, na msemaji wa msikitini, na kijana mwenye simu, na mama wa kikundi cha harusi, nawaomba jambo dogo. Wiki hii mtafute mtu mmoja ambaye hamkubaliani, na muieleze hoja yake mbele yake mpaka aseme naam. Kisha ndipo mtoe ya kwenu. Na yule mtu wa bara anayekosea ngeli barazani petu, kabla ya kumcheka mumsikilize kwanza amesema nini. Yumkini amekuja na neno ambalo sisi, kwa ufasaha wetu wote, hatujapata kulisema.